Glasi ya Maji Juu ya Injini

Gereji, 29 Aprili

Kwako Baba Mkubwa,

Shikamoo. Huyu mwenye lori aliyekuletea barua ni mtu wetu. Mpe chai, lakini usimuulize habari za njiani, maana akianza hamalizi. Simu hazipo tangu mnara ulipolipuliwa, kwa hiyo nimerudi kwenye kalamu kama watu wa kale, yaani kama wewe.

Sizunguki. Juzi wamemvunja Waya kidole. Waya ni mume wangu, hujawahi kumwona; ni fundi umeme wa magari na jina likamganda. Aliyemvunja anaitwa Mkanda, mkubwa wa hawa wenye bunduki walioushika mji. Anatembea na mkanda wa feni ya gari ameuzungusha kwenye kifundo cha mkono, ncha inaning'inia, na hiyo ndiyo fimbo yake. Nimeuona mgongo wa jirani yetu aliyepigwa nao. Meno ya mkanda yamebaki kwenye nyama, unaweza kuyahesabu.

Amejitwalia lile gari jeusi la hakimu, lilelile mlilokuwa mkilihudumia wewe na marehemu baba. Alikwenda nalo mazishini, likazimika mbele ya umati, mtu mmoja akacheka. Aliyecheka alizikwa kesho yake. Gari likaletwa kwangu: fufua injini, fundi, nataka itulie.

Nimeifufua. Ringi mpya, beringi mpya, valvu nimezisaga kwa mkono. Kila kipande cha chuma nilikichemsha kwenye pipa la kostiki soda, ile dawa kali inayokula grisi na rangi, kikatoka cheupe kama jino. Juzi akaja kulichukua. Akaomba glasi ya maji.

"Fundi, marehemu baba yako alikuwa na desturi."

"Ndiyo, mkuu."

"Gari halitoki gereji mpaka glasi isimame juu ya injini bila tone kumwagika. Ndivyo?"

"Ndivyo, mkuu."

"Basi na mimi ni mtu wa desturi."

Akaiweka juu ya mfuniko wa valvu, imejaa pomoni. Ikacheza, ikateleza, ikavunjika sakafuni. Hakukasirika, Baba Mkubwa, hilo ndilo linalonitisha. Alimwambia Waya alete mkono wa kushoto, akakitia kidole kidogo katikati ya taya za jiliwa la baba pale mezani, akazungusha mpini taratibu kama mtu anayefunga bomba. Nilisikia sauti ya mfupa. Nimefanya kazi na vyuma maisha yangu yote na sikuwahi kuisikia sauti ile.

Wamemchukua Waya. Watarudi naye tarehe 18 Mei kwa jaribio la pili, na baada ya hapo kila wiki tatu. Kila glasi ikimwagika, kidole. Mume wangu anafunga nyaya nyembamba kuliko unywele. Mikono yake ndiyo yeye.

Sasa ugonjwa wenyewe. Ukikanyaga mafuta, injini inanguruma vizuri kabisa. Ukiiachia isimame kwenye silensa, yaani ingurume yenyewe taratibu gari likiwa limesimama, inatetemeka kama mwenye homa. Ikiwa baridi ina nafuu. Ikishika moto ndipo inapokuwa mbaya. Nimechomoa waya wa plagi mmoja mmoja. Silinda ya kwanza, ya pili na ya nne, injini inalegea. Ya tatu nikichomoa, hakuna kinachobadilika. Imekufa. Lakini mgandamizo wa silinda zote nne ni sawa, nimepima mara tatu.

Wewe ulilijua gari hili kabla sijazaliwa. Niambie nitazame wapi.

Na usihofu, miwani ya kazi sivui. Sijaisahau springi ya valvu iliyomtoa baba jicho.

Binti yako,
Fundi


Chumbani, juu ya duka la dobi, 11 Mei

Mwanangu,

Marahaba. Barua yako imenifikia. Nimeisoma nikiwa nimesimama, kisha nikakaa, kisha nikaisoma tena. Siku hizi natengeneza cherehani kwenye chumba cha chini, mashine ndogo zisizo na moto wala moshi, na jioni nasoma vitabu nilivyookota kwenye masanduku ya watu waliokufa. Vidole vyangu bado vinaijua injini ile. Nikifumba macho naweza kuifungua boliti kwa boliti.

Mpe pole mumeo. Sina neno jingine la kumpa, na hilo lenyewe ni dogo.

Fanya hivi. Anza na valvu. Ulipozisaga, huenda ile ya silinda ya tatu imebaki imebana. Ikipata moto inarefuka na haifungi sawasawa. Pima nafasi yake injini ikiwa moto, si baridi. Ukimaliza, ingia kwenye kabureta: kuna kijitundu chembamba kinachopeleka petroli ya silensa peke yake, kipulize kwa hewa, usikichokonoe kwa waya. Kisha tazama pointi za distribyuta. Kisha badilisha plagi ya tatu na ya kwanza uone kama ugonjwa unahama. Fanya kwa mpangilio huo, usiruke.

Usipoteze muda na manifoldi. Niliikagua mwenyewe zamani zile. Ni chuma kizuri.

Ile desturi ya glasi tuliianza mimi na baba yako tukiwa hatuna hata ndevu. Tulikuwa tukiwaonyesha wenye magari, nao wanapiga makofi. Glasi yenyewe tuliichukua kwenye kabati la mama, akatutafuta na mwiko siku nzima. Sikuwahi kufikiri kwamba ingekuja kusimama mahali kama hapo.

Nina swali moja, na unijibu bila haraka. Baba yako alikuwa akiisimulia vipi habari ya ile springi?

Baba yako mkubwa


Gereji, 20 Mei

Baba Mkubwa, shikamoo.

Barua yako iliingia tarehe 17 asubuhi, kwa hiyo nilikuwa na siku moja. Nilifanya kila ulichosema kwa mpangilio uliosema. Valvu nilizipima zikiwa moto, nikaungua mkono wote wa kulia. Kabureta nimeipuliza. Pointi sawa. Plagi nimezibadilisha, ugonjwa haukuhama. Silinda ya tatu imekufa vilevile.

Tarehe 18 wakaja saa nne. Waya walimshusha kwenye pikapu, amekonda, suruali ameifunga kwa kamba. Akanikonyeza, akasema, "Mama, kuna chai?" kama katoka kazini. Mmoja wa vijana wa Mkanda akamchapa kitako cha bunduki mdomoni. Jino likatoka. Waya akalitema kiganjani, akalitazama, akasema, "Hili lilikuwa linanisumbua." Hata yule aliyempiga alitaka kucheka.

Glasi ilikaa sekunde chache, nikaanza kuamini. Kisha injini ikashika moto, maji yakamwagika.

Mkanda alisema, "Fundi, unanichezea, au hujui kazi?"

"Najua kazi, mkuu. Bado sijaupata ugonjwa."

"Mimi nadhani unafanya mchezo."

Akanichapa mkanda mara tatu usoni na shingoni. Mimi si kitu, nitapona. Kisha akamwita Waya kwenye jiliwa. Safari hii alitaka mpini niuzungushe mimi. Nilikataa. Akamwekea Waya bastola sikioni, akasema kidole au kichwa, chagua. Waya akaniambia, "Zungusha, mama, vidole ninavyo vingi."

Nikazungusha.

Sitaandika zaidi ya hapo.

Zimebaki siku kumi na tisa mpaka tarehe 8 Juni. Fikiri vizuri, nakuomba. Mimi nimefika mwisho wa akili yangu. Nimekaa juu ya tairi naitazama injini na naiona imeninunia.

Umeuliza habari ya springi. Ajabu ya swali, lakini nakujibu. Baba alipenda kuisimulia, alikuwa akicheka. Alisema alikuwa ameinamia injini, springi ikachomoka ikampiga jichoni, akaanguka kwenye oili. Na wewe ukambeba mgongoni, mbio, kutoka gereji mpaka zahanati, ukiwa pekupeku kwa sababu viatu vilibaki njiani. Uliporudi kuchukua viatu ukawakuta wenye bunduki wanakungoja, ndipo ukakimbia nchi. Kila akimaliza alisema, "Kaka yangu aliipoteza nchi kwa sababu ya jicho langu." Nimekua na hadithi hiyo. Ndiyo maana nikakuandikia wewe na si mtu mwingine.

Binti yako,
Fundi


Chumbani, 27 Mei

Mwanangu,

Kwanza kazi, maana una siku chache.

Fungua manifoldi, ile mikono ya chuma inayopeleka hewa na petroli kwenye silinda. Igeuze kichwa chini. Tazama mkono wa silinda ya tatu, upande wa chini, karibu na pale inapokutana na injini. Utaona ufa wenye urefu wa kama kidole. Ukiwa baridi umefumba. Chuma kikishika moto unafunguka na injini inanyonya hewa ya nje. Ukikanyaga mafuta hewa inayoingia ni nyingi, kwa hiyo ufa hauonekani. Kwenye silensa hewa ni kidogo, na huo ufa unaishinda. Ukitaka hakika kabla ya kufungua, washa injini ipate moto, uchukue kikopo cha oili, udondoshe tone mojamoja pale chini. Injini italivuta tone, nyuma utaona moshi wa buluu.

Usiuzibe kwa gundi. Ulehemu kwa shaba. Pasha chuma chote moto taratibu kabla ya kuanza, na ukimaliza kifukie kwenye jivu mpaka kesho yake ili kisipasuke tena. Kisha sawazisha uso wake kwa msasa juu ya kioo, uweke gasketi mpya. Itatulia.

Sasa unajiuliza nimejuaje. Naona pia nimeanza tena na chuma, kama siku ile.

Ilikuwa saa nane mchana. Gari la hakimu lilikuwa mbele yetu, boneti juu. Wenye bunduki wa wakati ule walikuwa wamepita asubuhi, wakasema kuanzia kesho gereji itatengeneza magari yao. Mimi nilisema nitaichoma kwanza. Baba yako akasema, "Kaka, nitawatengenezea. Wewe una vitabu vyako, mimi nina mke mjamzito." Aliyekuwa tumboni ni wewe. Nikamwambia amekuwa mbwa wao. Akacheka, unajua alivyokuwa akicheka, akasema, "Mbwa anakula, kaka. Na watoto wake wanakula."

Nilikuwa na nyundo mkononi. Pigo la kwanza lilimpata kwenye nyusi. Hakukuwa na springi yoyote. Jicho lilitoka kwa nyundo yangu. Akaanza kuanguka, nami nikainua mkono tena, nikapiga mara ya pili nikilenga kichwa. Alianguka upesi kuliko nyundo ilivyoshuka, ikapiga manifoldi. Huo ufa unaokula vidole vya mumeo ni pigo lililomkosa baba yako.

Na hilo silo baya kuliko yote. Nilisikia chuma kikipasuka nikashtuka: gari la hakimu! Nikaifungua manifoldi. Nikausafisha ufa, nikaujaza gundi ya chuma, nikapaka rangi ya fedha juu yake. Ndugu yangu alikuwa amelala sakafuni ameshika uso, damu inaingia kwenye oili. Aliniita mara mbili. Nilimwambia, "Subiri ikauke." Nakumbuka sauti yangu ilikuwa tulivu, sauti ya mtu aliye kazini. Ilipokauka nikairudisha mahali pake, nikakaza boliti zote, nikanawa mikono, nikatoka mlangoni. Mama yako ndiye aliyemkuta. Hakuna aliyenifukuza. Nimetembea na viatu vyangu miguuni mpaka hapa.

Gundi ile ilikaa miaka thelathini na moja. Uliipika kwenye kostiki ikafumuka. Fundi mzembe angepangusa kwa tambara tu, na gari lingetulia.

Nilijua tangu barua ya kwanza, uliposema pipa la kostiki na silinda ya tatu. Ilinifikia tarehe 5. Nikakaa nayo siku sita, kisha nikakutuma kwenye valvu. Nilikwambia usipoteze muda na manifoldi. Niliandika sentensi hiyo kwa mkono huu, nikijua. Nilitumaini utaugundua mwenyewe na kudhani ni uchakavu, nami nife nikiwa yule aliyekimbia pekupeku, ingawa sikujua bado kwamba nilikuwa yeye. Hadithi ya mgongo na viatu nimeisikia kwako kwa mara ya kwanza. Kwa miaka yote hii nilidhani alinilaani kila siku.

Kidole cha pili ni changu. Mwambie mumeo.

Baba yako mkubwa, kama bado utaniita hivyo


Foleni ya mpakani, 10 Juni

Baba Mkubwa,

Shikamoo nakupa kwa sababu nimefundishwa, si kwa sababu nimeamua.

Barua yako ilifika tarehe 3. Nilisoma mstari wa ufa, nikaacha hapohapo, nikaenda kufungua. Sehemu ya pili niliisoma chuma kikiwa kwenye jivu. Ufa ulikuwa pale, na ndani yake bado kuna ukoko wa gundi yako na rangi ya fedha. Nililehemu kwa shaba. Nimeona mkono wako ulivyoifanya kazi ile. Ilikuwa kazi safi sana, Mungu akusamehe.

Tarehe 8 wakaja saa nne kama kawaida. Waya akashushwa. Nikawasha, nikaiacha ishike moto sawasawa, nikamwambia Mkanda aweke glasi mwenyewe.

Akaiweka. Maji hayakutikisika. Uso wake ulionekana ndani yake. Akasubiri, sisi wote tukasubiri, vijana wake wawili wakaacha kutafuna. Akasema:

"Umeizima?"

"Sijaizima, mkuu."

"Mbona haina sauti?"

"Inafanya kazi, mkuu. Sikiliza."

Akainama kusikiliza. Aliuegemeza mkono mbele, upande wa rejeta, ule mkono wenye mkanda, na ncha ikaning'inia. Feni iliudaka. Sikumsukuma, nataka ulijue hilo. Wala sikumwonya, na hilo pia ulijue. Injini inayotetemeka kila mtu anaiogopa; hii ilikuwa kimya, akaisahau. Mkanda ulikuwa umezunguka kifundo mara tatu kama kawaida yake, ukamvuta mpaka kwenye kiwiko. Mabapa ya feni yalikata nguo, kisha nyama, kisha yakaanza kugonga kitu kigumu. Glasi ikaanguka. Damu ilipiga boneti kwa ndani, ikanipiga miwani. Miwani ambayo navaa kwa ajili ya springi ambayo haikuwahi kuruka.

Ule waya wa koili ulikuwa karibu na mkono wangu wa kushoto, karibu kuliko kikombe na mdomo. Ukichomolewa tu injini inazimika. Vijana wake walikuwa wanamvuta kwa nyuma na kupiga kelele, "Zima! Zima!" Mimi nilihesabu. Kidole kimoja. Vidole viwili. Nilihesabu taratibu, kwa kasi aliyozungushia mpini. Ndipo nikachomoa.

Walimbeba wakamtupa kwenye pikapu, wakaondoka kumtafutia daktari. Kipande cha mkono kilibaki kwenye feni. Hawakutukumbuka. Sijui kama yu hai. Waya aliosha feni kwa maji ya ndoo, akaurudisha waya wa koili mahali pake kwa mkono mzima, tukapakia spana, jiliwa tukaliacha. Nimefunga gereji ya baba kwa kufuli na sijui ufunguo nimpe nani.

Tumo kwenye foleni tangu jana. Barua hii naiandika juu ya usukani wa lile gari jeusi. Injini haijazimwa, maana tunasogea kidogokidogo, na watu wa gari la nyuma wamekuja mara mbili kuuliza kama limeharibika, hawasikii chochote. Mwenye lori ameruhusiwa kupita kabla yetu, atakufikishia hii kwanza. Tunakuja kwako. Hatuna pengine.

Nimemwambia Waya kila kitu, kama ulivyotaka. Alifikiri, kisha akasema, "Mwambie mzee vidole havirudishwi kwa barua. Lakini kazi ya kulehemu alielekeza vizuri." Sasa amelala, mkono wenye bandeji kifuani.

Baba alikupa mgongo wa kumbebea na miguu isiyo na viatu. Alikupa vitu hivyo bure kwa maisha yake yote. Mimi sitakupa. Lakini nimeufikiria pia ule waya wa koili, na sauti yako ikisema subiri ikauke, na yangu ikihesabu. Zilikuwa tulivu sawasawa.

Kwa hiyo tukifika, usituombe msamaha mlangoni, mume wangu amechoka. Mpe mahali pa kulala. Kisha kaa na mimi, unieleze jambo ambalo hakuna mwingine ninayemjua anayelijua: kesho yake asubuhi, ulipoamka, hiyo mikono uliifanyia nini?

Foleni imesogea.

Fundi